Mawe Mawili ya Moto Mmoja

Siku ya tisa tangu azaliwe, binti yangu alikataa ziwa.

Hakuwa na homa. Tumbo lake lilikuwa laini. Muuguzi wa kambi ya wafanyakazi alimulika koo lake kwa tochi, akasema koo ni safi, akatupatia dawa ya matone, na mtoto akaitema yote. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 1973. Mvua ilikuwa ikinyesha Likasi kila siku, na moshi wa asidi kutoka kiwanda cha shaba, badala ya kupanda, ulishuka ukalala juu ya mabati yetu. Mke wangu Émérence alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya huyu. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa, na huyu ndiye mtoto wa kwanza aliyetoka akiwa hai.

Kufika siku ya kumi na moja alikuwa halii tena, isipokuwa mara moja tu: saa nane mchana, king'ora cha kubadilisha zamu kilipolia. Saa nyingine zote alilala kimya, mashavu yamebonyea kama ya kizee. Émérence akimsogezea ziwa, mtoto alitoa ulimi, akaigusa chuchu kwa ncha yake, akatulia kidogo, kisha akageuza kichwa. Alikuwa kama mtu anayeonja kitu na kuona sicho.

Émérence aliuona ulimi ule akafikiri ni udhaifu. Mimi niliujua. Nilikuwa nimeuona kwa miaka sita, kwenye mdomo wa mtu mzima.

Mama mkwe wangu, Mama Eugénie, alikuja kwa treni kutoka Kapolowe na furushi la samaki wakavu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Kwa hiyo alipoingia chumbani mimi nilitoka, nikaketi kwenye kigoda upande wa pili wa pazia. Tulizoea kuzungumza hivyo, yeye ndani, mimi nje, kitambaa katikati.

"Huyu mutoto haiko mugonjwa," alisema baada ya muda. "Huyu anakataa jina. Mulimuita nani?"

"Chola," alijibu Émérence. "Jina ya mama yake Casimir."

"Mulimuuliza?"

"Mama, mutoto wa siku kumi na moja namuuliza namna gani?"

"Njo vile. Hamukumuuliza."

Watu wa huku wanajua kwamba mtoto haji peke yake. Yuko marehemu anayemsindikiza, anayetaka jina lake lisipotee. Mkikosea jina, mtoto anakataa kunyonya mpaka mumwite sawasawa, au mpaka afe. Kazi ya bibi ni kutaja majina ya waliokufa, moja moja, ziwa likiwa mdomoni mwa mtoto. Akilishika, jina limepatikana. Mapadri walijua desturi hiyo na hawakuipigia kelele. Na mwaka ule mapadri walikuwa na shida zao, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya watakatifu. Hata mimi kwenye karatasi nilikuwa nimekoma kuwa Casimir. Niliitwa Mwilambwe tu, sitwayeni Mwilambwe, yaani raia Mwilambwe, ingawa nyumbani hakuna aliyeniita hivyo.

Nilisikia Mama Eugénie akianza. "Kunda." Kimya. "Mwape." Kimya. "Ngoie, mama ya mama yangu, kama ni weye, kamata." Kimya. Alitaja wanawake wote wa ukoo wake, kisha akaanza wanaume.

"Mama, ni mutoto mwanamuke," alisema Émérence.

"Jina haivaake suruali wala kikwembe. Nyamaza, shika ziwa."

Wanaume nao wakaisha. Nikasikia pumzi yake ikisogea karibu na pazia.

"Mukwe. Upande yangu imeisha. Taja ya kwenu."

Nilitaja kumi na moja. Babu yangu aliyezama katika mto Lufira. Shangazi aliyekufa kwa ndui. Mjomba ambaye hakuna aliyempenda. Kila jina nililitaja taratibu, naye akalirudia juu ya mtoto, na kila mara nilisikia kitu kimoja tu, mtoto akigeuza kichwa juu ya mkono wa mama yake.

"Ingine?"

"Imeisha, mama."

"Imeisha kweli?"

"Kweli."

Nilikuwa nimebakiza moja.

*

Wakati ule nilifanya kazi katika hangari la mawe, ghala la idara ya jiolojia ya mgodi. Mashine ya kutoboa ardhi inatoa kipande kirefu cha jiwe, cha mviringo, kinene kama mkono wa mtoto. Wazungu walikiita karoti, na sisi pia. Karoti zinapangwa kwenye masanduku ya mbao yenye mifereji, kwa utaratibu zilivyotoka chini, na juu ya kila sanduku inaandikwa namba ya shimo, kina, na jina la jiwe. Niliacha shule mwaka wa tano wa msingi, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kazi ile ilitaka mwandiko tu.

Mwenzangu aliitwa Séraphin Kaumba. Alikuwa mrefu, mwenye pengo mbele, na alikuwa na tabia moja. Akitaka kulijua jiwe alililamba. Jiwe likilowa, chembe zake zinaonekana. Wengine walitumia ndoo na brashi. Yeye alitumia ulimi, akaligonga jiwe mara mbili kwa nyundo ndogo, akasema jina lake, na hakuwahi kukosea.

"Weye utakufa na shaba mu tumbo," nilimwambia.

"Minye shaba iko mu damu tokea baba. Weye mu tumbo iko na nini? Bukari ya unga tu!"

Baba yake alikuwa amemwaga shaba kwenye tanuri la zamani. Kwa hiyo siku Bwana Georges, mjiolojia wetu Mbelgiji tuliyemwita patron, mkubwa wetu, alipotueleza mawe meusi mawili ya kilima cha Kitumbu, Séraphin alielewa kabla yangu. Bwana Georges aliweka karoti mbili mezani. Moja ilikuwa na chembe kubwa, nyeusi na za kijivu, unaweza kuzihesabu. Nyingine ilikuwa na chembe ndogo kama mchanga.

"Hii ni gabro," alisema. "Hii ni dolerite. Mama yao ni mmoja. Yote yalikuwa moto, yalikuwa uji, chini kabisa. Gabro ilibaki kule chini ikapoa polepole sana, chembe zikapata wakati wa kukua. Dolerite ilipanda kwenye nyufa, ikapoa upesi."

"Kama mavi ya shaba, takataka ya tanuri," alisema Séraphin. "Ukimwaga nyingi pamoja, ndani inakuwa na chembe. Ukimwaga kidogo, inakuwa laini."

Bwana Georges alimtazama kwa furaha. Mimi niliuliza majina yametoka wapi, maana ndiyo niliyokuwa nayaandika kila siku.

Alituambia gabro ni jina la kijiji kidogo cha Italia. Mtaalamu mmoja alipita pale, akaliona jiwe, akalipa jina la mahali, na tangu siku hiyo jiwe la namna ile popote duniani linaitwa hivyo. Dolerite ni neno la Kigiriki. Maana yake mdanganyifu. Waliolitazama kwanza walidhani ni jiwe jingine, na walipojua wamekosea wakaliita hivyo.

Séraphin aliweka nyundo chini. "Basi, patron, jiwe ilifanya nini?"

"Jiwe? Halikufanya kitu."

"Macho njo ilikosa. Na jina mubaya inabebwa na jiwe."

Bwana Georges alicheka mpaka akavua miwani. Alisema Séraphin angepaswa kwenda chuo kikuu. Séraphin akasema angeenda, lakini kule hawaruhusu watu kulamba vitu.

*

Mwezi wa tatu mwaka 1972 Bwana Georges alikuwa likizo Ulaya, na Séraphin alikuwa kwenye matanga ya dada yake. Nilikuwa peke yangu. Niliyavuta masanduku ya mashimo mawili ya Kitumbu, shimo la sita na la saba, nikayapanga moja juu ya jingine kwa sababu sikutaka kutembea mara mbili. Mchwa walikuwa wamekula mbao za chini. Yote yalianguka. Karoti za mashimo mawili zilitapakaa sakafuni, pamoja na vibao vidogo vya kuonyesha kina.

Nilikuwa tayari na barua moja ya onyo. Barua ya pili ilimaanisha kufukuzwa, na anayefukuzwa anatoka nyumba ya kambi ndani ya mwezi. Émérence alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na mimba ya pili iliyoharibika. Nilipiga magoti nikarudisha mawe kwa kukisia. Jeusi kwa jeusi. Sikuleta ndoo wala brashi, na sikulamba. Nikaandika juu ya masanduku ya shimo la saba: gabro, mita thelathini.

Séraphin aliporudi alipita kwenye safu ile, akasimama. Akainama, akalamba.

"Casimir. Hii ya saba nilikuwa pale siku walitoboa. Ni dolerite, mita nne tu. Chini yake kuna mwamba mubovu, unavunja na vidole. Nani aligusa?"

Nikamwambia. Nikamwomba. Nilimwambia habari ya barua, ya nyumba, ya Émérence. Alikuna shingo muda mrefu.

"Minye sitasema," alijibu. "Ni yako. Lakini kabla hawajachimba, weye mwenyewe utaenda kwa patron, utasema. Unasikia, ndugu yangu? Weye mwenyewe."

"Nitasema."

Bwana Georges alirudi na kazi nyingi, akanakili ramani yake kutoka kwenye masanduku yangu. Kila Jumatatu nilisema nitamwambia Ijumaa. Émérence akashika mimba tena, hii. Mwezi wa nane ikaamuliwa ichimbwe njia ya kuingia ubavuni mwa Kitumbu, mahali pa shimo la saba, na kwa kuwa mwamba pale ni gabro, mita thelathini, imara, hakuna haja ya kuweka mbao za kushikilia dari. Wakamchagua Séraphin awe anaingia kuchukua sampuli, kwa sababu ya ulimi wake.

Asubuhi ya kwanza alikuja hangarini kuchukua nyundo. Alikuwa amevaa kofia ngumu mpya, akaigonga mara mbili ili nicheke.

"Umesema?" aliniuliza.

Nilikuwa na brashi ya rangi mkononi. Ningeweza kusema bado, dakika mbili, twende wote. Ofisi ya Bwana Georges ilikuwa hatua arobaini kutoka pale.

"Nimesema," nilijibu.

"Muzuri. Basi mbao itakuja," alisema, akaenda.

Siku ya tatu, wenzake walipokuwa wametoka kula, saa nane mchana, king'ora cha zamu kikilia mjini, dari ilishuka. Walichimba siku mbili, na kila walipoondoa, mwamba mbovu ulishuka mwingine. Mwishoni waliziba mlango kwa saruji, yeye akiwa ndani. Tulifanya matanga bila maiti. Mjane wake, Albertine, alikataa kukaa chini na wanawake wengine. Alikaa mlangoni, anatazama upande wa Kitumbu.

Kwenye ripoti Bwana Georges aliandika kwamba mwamba ulitudanganya. Kila mtu mjini alirudia hivyo. Jiwe limetudanganya.

*

Tangu wakati ule, katika hangari, karoti moja ya shimo la saba ilikuwa na alama ya maji. Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi, hakuna tone la mvua tangu mwezi wa nne, mabati yanapiga kelele kwa joto. Jiwe lote kavu, lina vumbi, na katikati doa moja lililolowa, upana wa vidole viwili. Nililifuta kwa shati langu. Kesho yake lilikuwapo. Niligeuza jiwe, doa likawa juu tena. Nikafunika sanduku kwa sanduku jingine. Nilipofunua baada ya wiki, doa lilikuwa bichi, na lilikuwa limehamia kwenye karoti inayofuata, kama mtu anayeendelea na kazi yake.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Na sasa mtoto alikuwa nyuma ya pazia, anaonja na kukataa.

"Mukwe," alisema Mama Eugénie. "Minye ni mama muzee. Nilitaja majina kwa batoto kumi na saba, na kumi na saba walikamata. Huyu hatafika Jumapili. Nakuuliza mara ya mwisho. Kuna muntu ulificha?"

Nje mvua ilikuwa imekatika. Nikasikia king'ora kinaanza, mbali, kinapanda polepole, na mtoto akaanza kulia kile kilio chake kimoja cha siku. Hakikuwa na nguvu tena. Kilikuwa kama mlango unaosukumwa.

"Kaumba," nilisema.

Émérence alipiga kelele. "Kaumba ya Séraphin? Ule haiko ndugu yetu! Casimir, unaleta jina ya bantu wengine mu nyumba?"

Mama Eugénie hakupiga kelele. "Hiyo jina siwezi kutaja," alisema. "Iko na wenyewe. Jina ya ukoo mwingine haikuje bure mu nyumba ya watu. Inakuja sababu kuna maneno. Nenda kwa wenyewe, uwaambie maneno. Wakikubali, wakuje wataje. Wakikataa..." Aliacha hapo. Kisha akasema, "Kimbia, baba."

*

Albertine alikuwa ametolewa nyumba ya kambi, akakodi chumba mtaa wa Kikula, nyuma ya soko. Aliuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye ndoo mbili chini ya mwavuli. Nilimkuta anachuja. Aliniona, akatabasamu, maana alijua nilikuwa rafiki.

"Sitwayeni Mwilambwe! Leo umekumbuka maskini. Nasikia muko na binti. Leta kikombe, tunywe kwa afya yake."

"Albertine, mutoto anakufa."

Aliacha kuchuja.

Nilimwambia yote. Sikujua kusema vizuri, nilisema kama nilivyoandika hapa. Masanduku, mchwa, namna nilivyopanga, namna alivyonionya, namna nilivyongoja Ijumaa. Wanunuzi wawili walikuja na vikombe vyao, wakaona uso wake, wakaondoka. Nilipofika asubuhi ya kofia ngumu nilinyamaza. Akaningoja.

"Alikuuliza?" alisema.

"Aliniuliza."

"Alisema nini? Vile vile alisema."

"Alisema, umesema?"

"Na weye?"

"Nilisema, nimesema."

Alitazama mikono yake iliyokuwa myeupe kwa mahindi. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Hakunipiga.

"Miezi sita," alisema. "Kila asubuhi nikitoka hapa natazama kile kilima, natema mate. Natukana jiwe. Natukana jiwe, Casimir! Naiita mwizi, naiita mulozi. Kumbe jiwe haikufanya kitu."

Alinigeukia.

"Mutoto anafanya nini? Analia?"

"Halii. Anatoa ulimi. Anaonja, halafu anageuza kichwa."

Kichujio kilimwanguka mkononi, kikaingia kwenye ndoo. Alikaa chini, pale pale kwenye matope, miguu imenyooka mbele kama wanawake wanavyokaa matangani. Watu walipita wakituzunguka. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso, akakifunga tena, kwa nguvu.

"Nakuja kwa sababu yake," alisema. "Haiko kwa sababu yako. Weye hautaingia mu nyumba. Utapita kwanza kwa muzungu, utasema ile ulisema umesema. Ukitoka pale, njo hapo nitataja. Nikifika mbele yako, nitakaa mu mulango, nitakungoja. Mutoto akifa nikiwa nakungoja, ni weye tena."

Nilikimbia kutoka Kikula mpaka ofisi za jiolojia. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na sikuwa nimekimbia tangu utotoni. Bwana Georges alikuwa anakunywa kahawa. Nilisimama mbele ya meza yake, matope mpaka magotini, nikasema. Alisikiliza, kikombe hakikurudi mezani.

"Niliandika kwamba mwamba ulitudanganya," alisema mwishoni, taratibu.

"Hapana, patron. Ni mimi."

Alinyanyuka akaenda dirishani. Alinipa mgongo. Niliona mabega yake, mzee yule, yanapanda na kushuka. Aliniambia nitoke. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama Séraphin alijua, siku anaingia, kwamba ni dolerite. Nikamwambia alijua. Alijua mwamba sawasawa. Asichokijua ni mimi.

Nyumbani nilimkuta Albertine amesimama kizingitini kama alivyosema. Hakuniuliza. Alinitazama tu mdomoni, kama mtu anayetafuta alama. Akaingia. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu, pazia mbele yangu. Ndani palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Mupe ziwa," alisema Albertine. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya nyumbani, ya mke anayemwita mume wake aje kula. "Kaumba. Eh, Kaumba. Amesema sasa. Kuja, kula."

Nilihesabu matone. Manne, matano. Kisha nikasikia kunyonya. Sauti ndogo, ya maji. Émérence alianza kulia, na Mama Eugénie akapiga vigelegele, mara moja, vifupi, kwa sababu ya heshima kwa mjane.

Albertine alipotoka alinipita bila kunitazama. Alikuwa na maziwa kidogo kwenye kidole, akayafuta kwenye kikwembe chake.

*

Nilifukuzwa mwezi ule ule. Barua iliandikwa kwa jina jipya, Mwilambwe, na kwa siku moja nilijidanganya kwamba ni mtu mwingine. Tulihamia Kikula, tukajenga kwa matofali yetu wenyewe. Sasa nachimba visima na vyoo vya watu. Ukuta wa kisima naujua kwa mkono, na siku hizi, kama hakuna anayetazama, kwa ulimi.

Kaumba, binti yetu, ana miaka saba. Ana pengo mbele, lakini watoto wote wa umri wake wanalo. Anaokota mawe. Akiyaleta nyumbani ameyalowesha, na sijauliza kwa nini. Albertine anampenda, anampa munkoyo bure, na mimi ananisalimia kwa mkono wa kushoto. Ni haki yake.

Mwezi uliopita nilichimba kisima cha jirani yetu Théodore. Mita ya sita niliona ufa, na nyuma ya ufa udongo laini, mweusi, unaovunjika kwa vidole. Nilijiambia, nitamwambia kesho asishushe mtu mpaka tujenge ukuta wa matofali. Nilikuwa nimechoka. Alasiri ile nilioga, nikavua viatu, nikakaa mezani. Émérence alileta bukari na sombe ya majani ya muhogo. Kaumba alinawa mikono, akachukua tonge lake la kwanza, akaligusa kwa ncha ya ulimi kama anavyofanya siku zote kabla ya kula. Kisha akanitazama.

"Baba," alisema. "Kwa baba Théodore, umesema?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya ufa ule. Émérence aliacha kijiko hewani.

Nilifungua mdomo. Neno lile lilikuwa tayari hapo, limekaa kwenye meno, jepesi.

"Bado," nilisema.

Yeye aliendelea kunitazama, tonge mkononi, hajalila, anangoja. Nikavaa viatu.